Baba alinipa mtaji bila karatasi, sasa mwekezaji anauliza kampuni ni ya nani. Niseme naye namna gani?

MtotoWaDepo, Lubumbashi
Jambo yenu bandugu. Minaomba shauri, hii jambo inaninyima usingizi.

Mie nilikulia ku depo ya unga ya baba, soko ya Kenya, mtaa ya hapa Lubumbashi. Kazi ya masomo nilikuwa nafanyia juu ya mifuko ya kilo 25. Jumamosi baba ananituma mtaa ya Katuba na kaye (daftari) kukamata nkongole (madeni), na kule njo nilijifunza batu: mwenye anafungua mulango mbio na kusema "leo sina, kuya siku ya ine", yule atalipa. Mwenye anatuma mutoto aseme mama haiko, yule baba anamupiga musitari mwekundu ya bic.

2022 na rafiki yangu wa univ tulianza kampuni. Maduka madogo inatuma oda kwa WhatsApp, siye tunabeba unga, mafuta na sukari mpaka ku mulango, programu inaandika nani ako na nkongole ngapi. Ukiiangalia vizuri ile programu ni kaye ya baba tu. 2024 ukame ulipopiga Zambia na unga ikapanda bei, tulipona juu nilikataa kukopesha maduka mapya, vile nilikuwa namuona baba anafanya.

Sasa shida. Mtaji wa kwanza, dola 6.000, baba alitoa mu kese (sanduku ya pesa ya depo) akafunga mu sakoshi nyeusi akanipa mbele ya mama. Karatasi hakuna. Leo kuko mwekezaji anataka kuweka dola 40.000 achukue 20%, anauliza asosie (wenye hisa) ni banani. Baba anasema "ni ya familia", yaya, ndugu yangu mkubwa, anasema naye ni mwenye kampuni. Na mie niko na kosa yangu: ku nyumba kese ilikuwa ya bote, masomo, dawa, kilio (matanga), vyote vilitoka mule, na mwezi uliopita nililipa masomo ya mudogo wangu na pesa ya kampuni bila kumuambia mwenzangu. Mwenzangu alipojua alilia.

Nilipomuambia baba tuandike, alinyamaza, akasimama, akaenda kupanga mifuko yenye ilikuwa imekwisha kupangwa.

Njia_ya_Kasumbalesa
Ile pesa ya masomo rudisha leo, mwenzako aone. Kisha jipangie mushahara hata kidogo, bandugu bakule mushahara yako, kese muache.

Kampemba_Sheria
Ndugu, "ya familia" haiko mu sheria ya kampuni. Congo iko mu OHADA, sheria ya biashara yenye inchi mingi za Afrika zinatumia pamoja, tangu 2012, kila asosie anaandikwa na hisa zake. Ile 6.000 ni mukopo, ao ni hisa za baba, ao ni zawadi, mukubaliane moja. Usingoje, juu Code ya familia inasema mutu akifariki bila testament (wasia) watoto banapata robo tatu ya mali, na bibi ao bwana, wazazi na ndugu banagawana robo yenye inabakia. Bila karatasi kila mutoto atakuya na hesabu yake. Mwekezaji naye muulize kama anataka SAS, aina ya kampuni yenye iliingia mu OHADA 2014, inaachia asosie kujipangia mambo mengi kuliko SARL, aina ingine ya kampuni.

Mama_Katuba
Mwanangu, musikilize huyo. Siye tulikuwa saba, baba alituachia kamiyo (lori) moja, hakuna mwenye alikuwa na karatasi. Iliozea mu lupangu (kiwanja ya nyumba), majani ikatoka mu madirisha, na mpaka leo na kaka yangu tunasalimiana ku kilio tu.

YayaWaRuashi
Mie nataka kuuliza kitu. Mu ile kaye ya baba, ndugu zake bakikopa unga, alikuwa anabaandika?

MtotoWaDepo
Yaya, alikuwa anabaandika. Tonton wangu alikuwa na ukurasa wake, na mama alipochukua mufuko ya harusi baba aliandika "mama wa watoto, 1".

YayaWaRuashi
Basi karatasi si kitu cha kigeni kwake. Kwake kuandika mutu haiko kumuzania mwizi. Wewe ulimupelekea maneno ya mwekezaji. Muombe afungue ukurasa yako mu kaye yake, aandike 6.000 na mukono wake na aseme ni nini, mukopo ao hisa. Kisha njo muende pamoja kwa notere.

MtotoWaDepo
Sikuwaza vile hata siku moja. Jumamosi kisha kufunga depo nitaenda, na mwenzangu akikubali nitaenda naye, baba hajakaa naye hata mara moja. Mama Katuba, pole sana kwa kaka yako.