Kurudisha weusi kwenye mitutu ya bunduki ya zamani

Swali: Ndugu mafundi, bunduki yangu ya mitutu miwili, ninayoimiliki kihalali, imepauka. Je, naweza kuirudishia weusi nyumbani kwa soda kostiki, katika birika refu nililolichomelea mwenyewe?

Jibu: Usithubutu, ndugu. Mchanganyiko huo hutumika kwenye joto la nyuzi 140 hivi, tone la maji likiingia huruka usoni, na hula lehemu inayoshikanisha mitutu.

Jibu: Birika lako halijapotea bure. Mimi huondoa mafuta yote, huacha kutu nyepesi iote, kisha huchemsha mitutu katika maji safi hadi wekundu ugeuke weusi wa mahameli, ambao husuguliwa taratibu kwa sufi ya chuma. Hurudiwa mara kadhaa.

Jibu: Vaa glavu, alama ya kidole huacha doa.