Mbwa anayenguruma akikaribiwa wakati wa kula: afanyweje?

Swali

Habari zenu, ndugu. Nina mbwa dume chotara wa miaka miwili, tunayemfungia bandani mchana na kumfungulia usiku alinde nyumba. Siku hizi akila hukaza mwili na kumngurumia yeyote anayepita karibu, na juzi alimrukia mwanangu wa miaka saba aliyekuwa akiokota mpira, ingawa hakumng'ata. Mdogo wangu humwondolea bakuli katikati ya mlo ili ajue mkubwa ni nani, lakini naona hali inazidi kuwa mbaya. Je, nimchape akinguruma?

Jibu la kwanza

Mchape papo hapo, ndugu yangu. Mbwa anayemngurumia mwenye mji leo, kesho atamng'ata.

Jibu la pili (daktari wa mifugo)

Naomba kutofautiana na mchangiaji aliyetangulia, kwa sababu ushauri huo ndio unaotuletea majeruhi. Mbwa anaponguruma anatoa onyo. Ukimchapa kwa onyo hilo, hofu yake haiondoki, bali anajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila ishara yoyote. Kumnyang'anya bakuli nako kunamthibitishia kile anachokihofia, yaani kwamba mtu akija chakula kinaondoka.

Kinachotakiwa ni kuligeuza tarajio hilo. Akiwa anakula ugali wake, simama mbali kiasi kwamba anaendelea kula bila kukaza mwili, mrushie kipande kidogo cha nyama au utumbo uliochemshwa, kisha ondoka. Rudia hivyo kila mlo, na usisogee hata hatua moja mpaka uone anainua kichwa na kukutazama kwa hamu badala ya kuganda juu ya bakuli. Akinguruma, umekwenda haraka mno. Rudi nyuma bila kumkemea. Kazi hii ni ya mtu mzima peke yake, na huchukua wiki nyingi. Wakati huo mbwa alishwe bandani mlango ukiwa umefungwa, na mtoto asifike huko kabisa.

Kabla ya yote, mpeleke akapimwe. Tabia inayobadilika ghafla kwa mbwa mzima mara nyingi huwa na maumivu nyuma yake: jino bovu, sikio lenye usaha, kidonda kilichofichwa na manyoya. Tazama pia kiasi cha chakula, kwa kuwa mbwa wengi wa ulinzi hulishwa makombo mara moja kwa siku, na mwenye njaa ana kila sababu ya kulinda alichopata.

Muulizaji

Nashukuru sana, daktari. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa imepitwa na wakati. Je, akimng'ata mtu kabla hatujafanikiwa?

Jibu la pili (daktari wa mifugo)

Mpeleke akachanjwe wiki hii, usisubiri. Akimng'ata mtu, mtu huyo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa asiuawe kwa hasira: afungwe na kuangaliwa kwa siku 10 huku daktari wa mifugo wa eneo lenu akiwa na taarifa.