Namwambiaje mteja Mwingereza aharakishe bila kumkosea?

RandaNaMsumeno: Wadau, nisaidieni. Nina karakana ndogo hapa Ngong Road. Mama mmoja Mwingereza aliagiza kabati la vitabu, na bado nina 18,000 zangu kwake. Nataka kumhimiza kwa Kiingereza cha kirafiki, si kile cha barua ya benki. Nitumie kipi?

MwalimuMstaafu: "Get a move on" ni ya mtu mliyezoeana. "Make it snappy" ni amri kabisa. Mwenye pesa zako haamrishwi.

KitiChaMbele: Mimi ni wa teksi. Abiria wa uwanja wa ndege, JKIA, aliniambia "step on it". Nikainua mguu, nikakagua kapeti nikidhani nimekanyaga simu yake. Kumbe nikanyage mafuta! Na jam ilikuwa imeshika hadi Nyayo.

BiSukuma: Haraka haraka haina baraka. Kwani umeshamwandikia nini?

RandaNaMsumeno: Jana nilimtumia "chop chop". Tiki mbili za buluu, kimya. Si ndiyo chap chap yetu?

MwalimuMstaafu: Wapi! Hiyo ilizaliwa kwenye Kiingereza cha wafanyabiashara wa pwani ya Uchina, kule Canton. Ndiyo "chop" ile ya "chopsticks", vile vijiti vya kulia vya Wachina. Ukimwambia mtu mzima, ni kama unampigia makofi mtumishi wa nyumbani.

BiSukuma: Na kabati umeshampelekea?

RandaNaMsumeno: Limebaki vanishi. Na milango. Stima zilipotea siku mbili, halafu kijana wangu akaenda ushago. Lakini tulipatana mwezi jana, si mwaka jana! Na hizo pesa ndizo za kununua bawaba.

JichoLaKayole: Hii umetunga. Wiki jana si wewe uliyekuwa unauza kuku wa kienyeji hapa hapa?

RandaNaMsumeno: Kuku ni wa mke wangu.

KitiChaMbele: Jogoo ni ngapi? Niko Donholm.

BiSukuma: Mimi nataka mayai, trei moja.

RandaNaMsumeno: Ya kuku ngojeni kwanza. Amejibu sasa hivi! Ameandika "pull your finger out", eti nitoe kidole. Nani amemwambia nilijikata kidole?

MwalimuMstaafu: Fundi, hakuna aliyemwambia. Hiyo nayo ni "harakisha", tena kali kuliko yako.