Naomba ushauri: niachie uenyekiti wa kikoba?
Wakuu, habari. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, mtaani kwetu. Kukagua daftari la mikopo, tumekuta mhazini kajikopesha mara mbili, sahihi ya mdhamini kaghushi. Amekubali kurudisha. Wenzangu kwenye uongozi wanataka yaishe kimya kimya kwa kuwa tunakaribia kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba, watu wasije wakapaniki.

Roho yangu inakataa. Mzee Ali Hassan Mwinyi aliachia uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa mauaji ya mahabusu yaliyofanywa na walio chini yake, na 1985 bado akawa Rais. Ila yule alikuwa waziri bwana, mimi nina akina mama wa genge wanaosubiri hela zao.

Niwaambie wanachama kisha nijiuzulu, au nikiondoka sasa itaonekana nimekimbia? Na daftari nimkabidhi nani?