Wachoraji, wachongaji na wapambaji wa Kusini: jina lako ulilijengaje? Tupeane uzoefu

Rangi Mbichi (Mtwara mjini)

Wana Kusini, habari za jioni.

Jumatano nilipanda bodaboda kutoka sokoni kwenda Magomeni. Tukapita kwenye saluni moja ambayo ukuta wake niliuchora mimi mwaka 2019: mwanamke kageuza shingo, kasuka twende kilioni, hereni moja tu inaonekana. Kazi ya siku mbili, rangi ya mafuta, na mpaka leo haijabanduka. Chini ya picha kuna namba ya simu. Si yangu.

Nikamwambia dereva asimame. Dada wa saluni akanieleza bila wasiwasi wowote: kuna kijana alipita mwezi wa nne, akasema yeye ndiye aliyechora, akaomba aweke namba wateja wakiulizia. Watu wanne wameshaichukua.

Nilitaka kugomba, nikakosa pa kushikia. Ukutani hakuna jina langu. Picha ya siku ile sina, simu niliyopigia ilishaanguka chooni zamani. Risiti sikuandika. Nikalipa bodaboda nikarudi nyumbani, nikaanza kuhesabu kuta kwa kumbukumbu: 43, kuanzia vinyozi wa Chikongola hadi duka la pembejeo Nanyamba. Zenye jina langu, sifuri. Fundi aliyenifundisha alikuwa mkali kwenye hilo. "Ukuta ni wa mwenye duka, ukijiandika unamwibia." Nikalishika neno lake kama amri.

Tangu juzi nimeanza kusaini, pembe ya chini kulia, herufi za urefu wa kidole, na mwaka. Mwenye duka wa kwanza nilimwomba ruhusa huku natetemeka. Akacheka: "Kwani nani alikukataza?"

Jingine limenigharimu pesa kabisa. Facebook nilikuwa na jina moja, WhatsApp jingine, na mtu akinitumia hela linatokea la tatu, lile la kwenye kitambulisho. Mwaka jana mteja wa Ligula alitaka kunitumia nusu ya malipo, akaona jina geni, akaogopa matapeli, akakata. Kazi ilikuwa ya laki tatu na nusu. Nikaenda kukata lipa namba yenye jina la kazi na kila mahali nikabaki na jina hilo hilo. Kitu cha nusu siku, mimi nilikaa nacho miaka sita.

Haya, nyie wenzangu mlifanyaje? Sitaki maneno ya "jiamini ndugu". Leteni mambo yaliyowakuta.

Mama Piko (Mikindani)

Pole sana mwanangu. Mimi nitasema, ingawa wengine watauliza mpaka hina nao ni wachoraji. Turubai yangu ni mkono wa mtu, na wiki mbili baadaye kazi yote imekwenda na maji. Wewe una kuta 43 za kuonyesha. Mimi nimechora maharusi miaka kumi na tisa, njoo unitafutie hata mmoja.

Basi nikaona dawa ni picha. Mwaka 2021 nilimpamba bibi harusi mmoja, kazi nzuri mpaka mwenyewe niliipenda, maua yamepanda hadi kwenye kiwiko. Nikapiga mikono tu, uso hakuna, nikaiweka. Kumbe bangili za bibi yake zilijulikana mtaa mzima! Kesho yake mama mkwe yuko kibarazani kwangu. Hakupiga kelele, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema, "Mwanangu hakuolewa ili atazamwe kwenye simu za watu." Ukoo ule nimeupoteza. Harusi zao zilikuwa nyingi, nawahesabia hadi leo.

Siku hizi nachora kwanza kwenye daftari la shule, lile la mraba mraba. Bibi harusi anakuja na somo yake, yule kungwi wake, wanachagua, naandika tarehe, na ninachopiga picha ni ile karatasi. Daftari la saba sasa. Na bila kukusudia yamekuwa ndiyo tangazo langu, maana mtu akishika daftari anakuwa ameshakaa, na akishakaa haondoki.

Alama yangu ninayo. Lile ua la korosho, lile lile la kwenye kanga, wote tunalichora likitazama vidole. Langu moja, pale kwenye kifundo, nalipindua litazame mwili, na nukta tatu. Sikumwambia mtu. Siku moja niko kwenye shughuli Mtwara, mama mmoja akamshika mgeni mkono akasema, "Huyu kapakwa na yule wa Mikindani." Nilirudi nyumbani sihisi njaa.

La mwisho, ile piko nyeusi ya unga wa kupaka nywele inaunguza. Binti mmoja alivimba mkono siku mbili kabla ya nikaha. Sasa natia tone nyuma ya sikio siku tatu kabla, na anayetaka palepale nampa hina nyekundu au simpi kitu. Nimekosa pesa kwa hilo, lakini usiku nalala.

Mtoto wa Ng'apa (Lindi)

Shikamoo Mama Piko. Hiyo korosho iliyopinduliwa nimeisoma mara tatu.

Mimi natengeneza nembo, kadi za mwaliko na mabango, vyote kwa simu. Kompyuta nimenunua juzi tu. Sina mengi. Mteja wa mkate alinirudisha mara kumi na moja kwenye nembo moja, mara chapati iwe kubwa, mara aonekane shangazi yake, halafu akachukua ile ya kwanza kabisa. Tangu hapo marekebisho mawili ni bure, la tatu linalipiwa, na nasema kabla sijafungua simu. Kazi ambayo haijalipwa naituma ikiwa na jina langu limekatiza katikati. Na jamani, WhatsApp ukituma kama picha inafinyangwa, mtu anaipeleka kwenye bango la mita tatu inatoka ukungu, lawama kwako. Tuma kama dokumenti.

Ukitaka kujulikana Lindi, mwezi wa nane nenda Ngongo kwenye Nane Nane kabla mabanda hayajafunguliwa. Siku mbili za mwisho kila mtu anakumbuka hana bango.

Bandarini

Samahanini, ila tuseme kweli. Huku kwetu nani ananunua picha? Watu wananunua bati. Mwanangu anataka kuchora, nimemwambia akasomee umeme.

Rangi Mbichi

Mzee wangu, shikamoo. Bati nalo mtu akishaezeka duka anataka liandikwe. Umeme na kuchora havigombani. Kuna fundi umeme tunapanda ngazi moja, yeye anafunga taa za bango, mimi naandika, mteja tunagawana. Mwache asome umeme na brashi usimnyang'anye.

Mpingo wa Kitangari (Newala)

Hili suala la jina mimi lilinichelewesha sana.

Babu alivuka Ruvuma na tezo yake, baba akachonga, mimi nikachonga. Kwetu mchongaji alijulikana kwa mkono wake, hakuna aliyeandika jina. Kijijini inatosha. Tatizo ni kinyago kikishapanda basi. Nilikuwa nauza kwa dalali, vipande sita au nane kwa mkupuo. Mwaka 2016 nilikwenda Dar msibani, nikapita kwenye duka moja la vinyago, nikakikuta changu rafuni. Nilikijua kwa kasoro, mtoto wa tatu kutoka chini nilimkosea sikio. Bei yake mara saba ya niliyolipwa. Nikamuuliza muuzaji kachonga nani, akaniambia "wazee wa kijijini". Nina miaka 34 wakati huo!

Bei haikuniuma sana, duka lina kodi yake. Niliumia kuitwa wazee.

Niliporudi nikaanza kuandika jina chini ya kitako kwa msumari wa moto. Madalali wawili wakanikimbia, wakasema wenye maduka hawataki jina, mteja atamfuata mchongaji. Wa tatu alibaki, na huyo nafanya naye kazi mpaka leo.

Lakini jina linakata huku na huku. Mzungu mmoja wa Ujerumani aliyenunua kwa dalali huyo alinitafuta kwa jina lile lile, akanitumia picha: kinyago kimepasuka toka kichwa hadi goti. Nilichonga mti mbichi, kikaenda kwenye nyumba yenye joto kavu. Zamani lawama ingeishia kwa "wazee wa kijijini". Safari hii ilikuwa yangu. Nikamchongea kingine bure. Sasa magogo nayaacha kivulini mwaka mzima, vichwa nimevipaka nta, na nyama nyeupe ya mti siifichi tena kwa rangi ya viatu. Naiacha ionekane, na wanunuzi wengine ndiyo wanaipenda.

Halafu kuna hili. Ujamaa, ile nguzo ya watu wamebebana, tunachonga wote. Mashetani tunachonga wote. Mke wangu ndiye aliyeniuliza, "Wewe unachonga nini ambacho hukuiga?" Nikanuna siku mbili. Yeye alikuwa anabangua korosho uani, moshi usoni, kitambaa puani, vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda. Nikamchonga vile alivyokaa. Leo mtu akitaka wabangua korosho anatumwa kwangu, na mke wangu anadai fungu lake.

Vijana, mpingo usisafirishwe bila kibali cha mazao ya misitu. Mimi nililala kwenye kizuizi na magogo manne kwa ujeuri wangu, nilidhani yatapita kama kuni.

Nimerudi Nyumbani (Masasi)

Bandarini, mzee wangu, George Lilanga alitokea huku huku Masasi. Alianza Nyumba ya Sanaa pale Dar akiwa mlinzi, akachonga, akachora, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005 na picha zake bado zinatafutwa. Sisemi kila mtoto atakuwa Lilanga. Nasema tu bati si kila kitu.

Mimi nachora kwa rangi ya akriliki kwenye turubai. Nimekaa Dar miaka mitano, nimerudi. Nilipoomba nafasi ya kufanya kazi kwenye kituo kimoja cha sanaa nilikataliwa mara mbili, na nilikuwa na haki ya kukataliwa. Nilituma picha 40. Nyingine kazi imeegemezwa kwenye ndoo, nyingine vidole vyangu vinaonekana. Dada mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye fani akanikalisha chini. Akachagua kazi 12 zinazozungumza lugha moja. Kila moja ikaandikwa jina, mwaka, nyenzo, urefu kwa upana kwa sentimita. Kisha maelezo yangu, aya moja. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za "nimezaliwa nikiwa na kipaji". Alizikata zote, akabakiza sentensi niliyodhani haina maana: kwamba nachora vibaraza vya Masasi saa nane mchana, wakati hakuna mtu nje. Mara ya tatu walinichukua.

Rangi Mbichi, kuhusu yule kijana wa namba. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya mwaka 1999. Haki yako inaanza pale kazi inapotoka mkononi, hata kama hujasajili popote, na inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa. Ukijisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, unapata ushahidi wa kusimama nao. Ukuta ni wa mwenye saluni, sawa, lakini kutajwa kuwa ndiye uliyechora ni haki yako. Ongea na dada wa saluni vizuri, bado unaweza kuisaini leo ukaandika 2019. Ukimaliza, nenda kwa afisa utamaduni wa manispaa akuelekeze usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na uwe na TIN, namba ya mlipakodi. Niliwahi kuitwa kuchora ukuta wa shule moja, kazi ya milioni na ushee, ikaenda kwa mwingine kwa sababu sikuwa na karatasi. Nilimlaumu kila mtu mwezi mzima.

Na kukaa Kusini si kikwazo kama tunavyolia. Wanunuzi wangu watatu wa mwaka huu hawajafika Masasi. Kazi ikikauka kabisa (na masika, na unyevu huu, ipe muda mara mbili) naiviringisha rangi ikiwa upande wa nje, naifunga karatasi laini, naiingiza kwenye bomba la maji la plastiki la inchi 4, naziba pande mbili, napandisha basi la usiku. Asubuhi iko Dar. Hakuna iliyokunjika bado.

Rangi Mbichi

Nimetoka saluni sasa hivi. Dada kakubali. Nimesaini, nimeandika 2019, namba ya yule bwana nimeipaka rangi ya ukuta. Kaniomba na hereni ya pili, nikamwambia kichwa kimegeuka, haiwezi kuonekana. Tumebishana hapo dakika ishirini.

Mtoto wa Ng'apa

Kaka wa Masasi, hilo bomba unanunua zima? Hapa dukani wananiambia mita sita.

Nimerudi Nyumbani

Usinunue. Pita kwa mafundi bomba wanapojenga, vipande wanatupa. Mita moja inakutosha, beba msumeno wako.