Kisu cha jikoni: seti ya supamaketi, Tramontina ya mpini mweupe, au nimwagize shemeji Ujerumani?

Mtaa wa Saba
Habari za jioni wakuu. Sitawachosha. Visu vya nyumbani vimechoka, nyanya tunaiponda badala ya kuikata. Nina njia tatu:

1. Seti ya visu sita na kibanda chake cha mbao, nimeiona supamaketi, inang'aa kweli kweli.
2. Tramontina, ile ya mpini mweupe wanayotumia mabuchani.
3. Shemeji yuko Köln, anafunga mizigo Jumamosi. Kasema nimtajie kisu atakileta.

Bajeti ipo ila si ya kuchezea. Kipi kinakaa na makali muda mrefu?

Kapera Sugu
Nimeweka kambi hapa.

Mama Kachumbari
Mleta mada, hii ni sawa na mtu kuuliza anunue gari gani bila kusema anaishi bondeni au barabarani. Unakata nini? Nani anakata? Na kubwa kuliko yote: huyo anayekata, anakatia ubaoni au mkononi?

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu tumekulia kukatia mkononi. Kitunguu kimeshikwa kiganjani, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba, sufuria iko chini. Kwa mtindo huo kisu kirefu cha mpishi cha inchi nane ni hatari tupu, unahitaji kidogo chepesi chenye ubapa mwembamba. Ukinunua kisu cha Mjerumani halafu mkeo anakatia mkononi, kitaishia kufungulia makopo.

Mjanja wa Gerezani
Usipoteze hela kwa Wajerumani. Njoo Gerezani, pale Dar es Salaam, mafundi wanakutengenezea kisu cha springi ya gari mbele ya macho yako. Chuma kile hakina mpinzani. Babu yangu ametumia kimoja mpaka kimebaki chembamba.

Chuma na Moto
Springi ni chuma kizuri, sikatai, kina kaboni ya kutosha kushika makali. Tatizo ni mambo mawili. Kwanza kinashika kutu. Ukikata ndimu au embe bichi ukakiacha kwenye beseni la vyombo, asubuhi kina madoa meusi. Pili, uzuri wote uko kwenye mkono wa fundi: amekipasha kiasi gani, amekizamisha kwenye mafuta au maji, na je, alikirudisha kwenye moto mdogo kukilegeza kidogo kisivunjike? Wapo wanaojua. Wapo wanaokata bati la springi kwa grenda, wanalinoa, wanalifunga mpini, basi. Hicho si kisu, ni kipande cha springi chenye mpini.

Kuhusu hizo tatu: seti iache. Visu sita kwa bei hiyo maana yake hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa makini, na utatumia viwili tu. Neno "stainless" (chuma kisichoshika kutu kirahisi) lililopigwa kwenye ubapa halikuambii ugumu wa chuma. Visu vingi vya Kijerumani vinaandikwa X50CrMoV15, yaani kaboni karibu nusu asilimia na kromiamu 15. Ugumu wake ni kama 56 hadi 58 kwenye kipimo cha Rockwell. Vya Kijapani vinafika 60 na kupita. Kigumu kinakaa na makali zaidi, ila kikigonga mfupa kinameguka ukingo. Kilaini kidogo kinapinda ukingo tu, unakinyoosha kwa ile fimbo ya chuma ya wauza bucha, maisha yanaendelea.

Mzee wa Pwani Feri
Soko la samaki hakuna anayetumia Mjerumani wala Mjapani. Tunatumia mpini mweupe, mwembamba, na jiwe liko pembeni muda wote. Samaki wawili watatu, unapitisha. Siri si kisu, siri ni jiwe.

Dogo Janja Tech
Wakuu mnazunguka sana. Nenda na sumaku dukani. Ikishika, kisu ni feki, si stainless. Isiposhika, nunua. Kwisha.

Chuma na Moto
Hapana mdogo wangu, hapo unawapotosha watu. Hiyo ya sumaku watu wameitoa kwenye masufuria na vijiko. Chuma cha sufuria nzuri kina nikeli, mara nyingi sumaku haishiki. Chuma cha kisu lazima kiweze kugumishwa kwa moto, na chuma cha namna hiyo, hata kiwe stainless ya bei mbaya kutoka Solingen, mji wa visu kule Ujerumani, sumaku inashika. Kisu ambacho sumaku haikishiki kabisa ndicho cha kukitilia shaka.

Dogo Janja Tech
Mimi nimefanya kazi duka la vyombo, nakuambia ninachokijua.

Chuma na Moto
Na mimi nakuambia chukua sumaku ukaijaribu kwenye kisu chochote unachokiamini wewe mwenyewe, urudi hapa.

Binti wa Ngamiani
Naomba niongee kuhusu kunoa, maana mnajadili kisu kana kwamba kikinunuliwa kazi imekwisha.

Mtaani kwetu alikuwa akipita mzee wa baiskeli. Anaegesha, anainua gurudumu la nyuma, anapiga pedali, jiwe linazunguka taratibu, na kila mara anachovya kisu kwenye kopo la maji. Visu vyake vilikuwa vinakaa. Siku hizi haonekani. Akaja kijana amefunga mota ya umeme kwenye meza ya chuma, kelele mpaka msikitini.

Nilikuwa na kisu kizuri ambacho dada yangu alinitumia kutoka Muscat. Nikampa. Jamani, cheche! Kama dakika moja hivi akanirudishia, kinanyoa nywele za mkono. Nikafurahi, nikamlipa na ya soda. Nilipofika nyumbani nikaona pale nchani kuna rangi ya buluu, kama ile ya bomba la moshi la pikipiki. Sikujali. Haukupita muda kitunguu kikaanza kuteleza. Nikarudi kwake, akanoa tena, cheche tena. Safari hii kikakaa muda mfupi zaidi. Kila nikirudi kinazidi kufa. Mwisho ule upande wa karibu na mpini ukaliwa ukawa na bonde, nikikata bamia ubaoni zinatoka zimeshikana upande wa chini. Nikamfuata nimuulize. Akakigeuzageuza, akaniangalia kwa huruma, akasema: "Dada, hiki kisu ni feki."

Kapera Sugu
😂😂 Kakuua halafu akaja msibani.

Chuma na Moto
Pole dada. Hiyo buluu ndiyo jibu. Kisu kikishagumishwa kiwandani kinapashwa tena kwa joto la chini, visu vingi ni kwenye nyuzi 200 au pungufu. Rangi ya buluu inatokea chuma kikikaribia nyuzi 300. Ukingo ni mwembamba mno, joto linajaa hapo kufumba na kufumbua, na ugumu unaondoka. Kitachongeka kitakavyochongeka lakini hakitashika. Yule mzee na kopo lake la maji alijua anachofanya.

Usikitupe. Noa kwa mkono kwenye jiwe la maji mpaka uipite sehemu yote iliyobadilika rangi. Ni kazi ya jioni kadhaa, ila chini yake kuna chuma kizima.

Wa Kamukunji
Salamu kutoka Nairobi. Mimi naungana na Mama Kachumbari. Tazameni mama mboga wa huku akikata sukuma wiki: anakunja majani rundo zima mkononi, kisu chembamba, zinatoka nyuzi nyuzi ndogo hata mashine haiwezi. Muulize kisu chake kilitoka wapi, atakwambia ni cha bei ya chini kabisa. Lakini kila asubuhi kabla hajafungua kibanda anakipitisha kwenye jiwe.

Hata kama huna jiwe, geuza kikombe cha udongo juu chini. Ule mviringo wa kitako usiopakwa rangi ya kung'aa unanoa vizuri tu.

Mama Kachumbari
Kitako cha sahani kimelea familia nyingi. Ila ngazi ya saruji hapana jamani, naona watu wanasugua kisu kwenye baraza halafu wanalalamika kina meno.

Mtaa wa Saba
Wakuu nimesoma yote, mambo yalinibana. Kujibu maswali: anayekata ni mke wangu na wasichana wake wawili. Anapika shughuli, harusi na misiba. Kwa siku moja inaweza kuwa kilo 30 za nyama ya pilau na mifupa yake, vitunguu gunia, kachumbari, na matunda. Nyama wanakatia kwenye gogo, vitunguu kila mtu na mtindo wake. Nyumbani jiwe hatuna. Ubao tunao wa kioo, zawadi ya harusi.

Mama Kachumbari
SUBIRI. Kilo 30 na mifupa, na unasema hivyo ukurasa wa pili?

Mzee wa Pwani Feri
Huyu alitaka tumchagulie kisu cha nyanya kumbe ana bucha.

Chuma na Moto
Basi ushauri wote unabadilika. Mfupa si kazi ya kisu cha mpishi, kiwe cha Mjerumani au cha nani. Mfupa ni panga au kishoka cha bucha. Kwa nyama na vitunguu vya wingi huo, na mikono mitatu tofauti, Tramontina ya mpini mweupe mbili au tatu, fimbo ya kunyooshea moja, jiwe la pande mbili moja. Kiwanda chao kipo Brazil tangu 1911, na ule mpini wa plastiki umetengenezwa kwa watu wanaoosha kwa maji ya moto siku nzima. Kikipotea shughulini hulii.

Na ubao wa kioo mpe mtu usiyempenda. Kioo ni kigumu mno kwa ukingo wa kisu, kila ukikata unauua. Mbao au plastiki.

Wa Kamukunji
Mimi ningemwagiza shemeji bado. Köln na Solingen ni majirani, na huko jina Solingen linalindwa kwa sheria tangu 1938, kisu hakiruhusiwi kuandikwa hivyo kama hakikutengenezwa pale. Kimoja cha inchi nane kikae nyumbani, wasichana wasikiguse. Mwambie akiweke kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, watamnyang'anya uwanja wa ndege. Na asinunue vile vyenye mistari ya mawimbi kwenye matangazo ya mtandaoni, vingi ni mchoro tu uliochomwa juu ya chuma cha kawaida.

Abuu Chake
Assalaam alaykum. Naomba kuchomekea. Hiyo ya mpini mweupe inafaa kuchinjia? Idd inakaribia, na tulichonacho mwaka jana tulimtesa mbuzi.

Mzee wa Pwani Feri
Wa alaykum salaam. Kwa mbuzi inafaa, chagua nyembamba ndefu. Kwa ng'ombe tafuta ndefu zaidi. Noa mapema, usinoe mbele ya mnyama.

Abuu Chake
Naam, mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yako wazi kwamba mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Ndiyo maana nauliza.

Dogo Janja Tech
Kwa Idd chukua kisu cha seramiki, kile cheupe. Hakiishi makali.

Chuma na Moto
Seramiki kwa kuchinjia? Kile ni kigumu lakini kinavunjika ukikipinda kidogo tu. Mnyama akijitikisa, kipande kinabaki shingoni. Na kikiisha makali jiwe la kawaida halikinoi, linahitajika la almasi. Wewe ile sumaku umeshaijaribu?

Dogo Janja Tech
Sumaku ilishika kwenye kisu changu. Ndiyo maana nasema ni feki 😎

Kapera Sugu
Huyu hashindwi.

Binti wa Ngamiani
Chuma na Moto, nielekeze kunoa kwa jiwe kwa mtu asiyejua kitu. Mfano nyuzi ngapi, napima vipi?

Chuma na Moto
Loweka jiwe mpaka mapovu yaishe. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, hiyo ni nyuzi 90. Kiinamishe nusu, 45. Nusu tena, kama 22. Hapo au chini kidogo panatosha kwa kisu cha kawaida. Anza upande wa jiwe wenye chembe kubwa, nenda na kurudi kwa uzito ule ule kuanzia kisigino, pale karibu na mpini, mpaka ncha. Usihesabu. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya ukingo, SI kwa kuufuata ukingo. Ukisikia upande wa pili kuna kitu kinakwaruza urefu wote, chuma kimegeukia huko. Geuza ufanye vivyo hivyo. Kisha upande laini, mkono mwepesi. Wengi wanakosea hapo kwa kuacha kabla mkwaruzo haujasikika, wanang'arisha tu ubapa. Ukimaliza jaribu nyanya: kisu kiingie kwa uzito wake.

Mama Kachumbari
Na mkioshe kwa mkono, mkifute, mkitundike. Kisu kinakaa droo moja na vijiko halafu mnauliza kwa nini hakikati.

Abuu Chake
Mleta mada, Jumamosi imepita. Shemeji umemwagiza nini?

Kapera Sugu
Kaingia mitini.

Mwanza Rock
Nimechelewa uzi. Jiwe la pande mbili nimelipata duka la vifaa vya ujenzi huku Mwanza, la kijivu. Muuzaji kasema nitumie mafuta, hapa mnasema maji. Nimeshalipaka mafuta ya kupikia.

Chuma na Moto
Ya kupikia yanaganda na kuziba vitundu vya jiwe. Lichemshe na sabuni ya unga, lisugue kwa brashi, likauke, ujaribu maji. Yakigoma kuingia, baki na mafuta, ila yawe ya cherehani.