Naomba ushauri: picha za jioni Mji wa Kale, Mombasa

Wenzangu, hamjambo? Wiki hii natoka kila baada ya alasiri kutembea kwa miguu, Kibokoni mpaka Ndia Kuu, kisha nateremka Fort Jesus kupunga upepo. Natumia simu tu, kamera sina.

Shida yangu ni mwanga. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza halimngoji mtu, na vichochoro vyenyewe vyembamba, roshani za mbao zimeziba juu. Mlango wa nakshi nilioupiga kabla ya maghribi umetoka safi, hata misumari ya shaba naihesabu. Muuza kahawa niliyempiga dakika 20 baadaye ni ukungu mtupu: dele, birika lake la kahawa, halina umbo, mkono umeacha mkia. Paka aliyelala chini ya benchi ndiye pekee aliyetulia! Flashi nimejaribu, inaua ule wekundu wa makaa, na ndio hasa niutakao.

Je, ninunue kile kistendi cha miguu mitatu, au niegemeze simu ukutani inatosha? Na mtu anayesogea nimfanyeje?

La pili linanitatiza zaidi. Kina mama siwapigi kabisa. Lakini wazee wa barazani nikiwaomba ruhusa kwanza, wananyooka kama wanapigwa picha ya pasipoti, mazungumzo yanakatika. Nikipiga kwanza niombe baadaye, naona ni utovu wa adabu. Nyinyi mnafanyaje?